Kuchagua Betri za Kuchaji kwa Tochi Zenye Mwanga Mkali



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha mambo tuliyojifunza kuhusu betri za tochi. Mengi kati ya hayo tuliyajifunza kwa hasara.

Vijiji vinavyopakana na hifadhi za wanyama kaskazini mwa Tanzania vinaijua tabu ya tembo wakati mahindi yanapokomaa. Kundi dogo tu linaweza kumaliza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Walinzi wa mashamba hukesha kwenye madungu wakiwa na honi, mabomu ya pilipili na tochi, na katika vitu hivyo tochi ndiyo hutangulia. Tembo akimulikwa kwa mwanga mkali angali mbali, mara nyingi hugeuka kabla hajaingia shambani. Kwa sababu hiyo karakana yetu ndogo ilianza kutengeneza tochi za LED ya wati 10 ndani ya bomba la alumini.

Tochi za kwanza zilifanya kazi vizuri kwa siku chache. Kisha mlinzi mmoja akaturudishia yake. Hakugomba, aliiweka tu mezani. Alikuwa amemmulika tembo aliyekaribia dungu, mwanga ukafifia ukawa kama wa kibatari, naye akaruka chini na kukimbia gizani. Tuliipima tochi yenyewe tukaikuta nzima. Betri ilikuwa imeandikwa 9900 mAh.

Namba ya kwenye ganda

Betri inayotumika sana katika tochi za namna hii ni ya lithiamu aina ya 18650. Jina hilo ni kipimo chake: upana milimita 18 na urefu milimita 65. Ikijaa huwa na volti 4.2, na ikikaribia volti 3 imekwisha. Alama ya mAh hueleza kiasi cha chaji. Betri ya 3000 mAh inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 3, au ampea 3 kwa saa 1. LED yetu inapowaka kwa nguvu zote hunywa karibu ampea 3, kwa hiyo betri hiyo huiwasha kwa muda wa saa moja hivi.

Sasa, betri nzuri za ukubwa huo zinazouzwa kwa wingi huishia karibu 3500 mAh. Anayeandika 9900 anatudanganya, na ajabu ni kwamba kadiri uongo unavyokuwa mkubwa ndivyo betri inavyonunuliwa haraka. Sisi wenyewe tuliinunua kwa sababu ya namba ile.

Tulizipeleka kwa sonara atupimie kwa mizani yake. Betri halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Zetu zilikuwa na gramu 31. Betri za namna hii zimewahi kukutwa na seli ndogo ndani ya ganda kubwa, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Msizipasue kuhakikisha, kwani lithiamu huwaka moto. Mizani inatosha.

Ampea kabla ya mAh

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, hata wale wanaonunua betri halisi. Wanatazama mAh peke yake, ilhali tochi yenye nguvu inahitaji betri inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Kila betri ina ukinzani ndani yake. Ukinzani ukiwa omu 0.05, ampea 3 zikipita tunapoteza volti 0.15 tu. Ukiwa omu 0.2, kama ulivyo katika betri nyingi zilizochoka, tunapoteza volti 0.6. Betri iliyojaa kwa volti 4.2 inaifikia LED ikiwa na 3.6, na LED yenyewe inahitaji kama 3.3 ili iwake sawasawa. Chaji ikipungua kidogo tu, mwanga unaanguka, ingawa betri bado ina umeme ndani.

Mfano mzuri ni Panasonic NCR18650B yenye karibu 3400 mAh, lakini ampea inazoruhusiwa kutoa mfululizo hazifiki 7. Samsung 30Q ina 3000 mAh tu, lakini inaruhusiwa ampea 15. Kwa LED moja ya ampea 3 zote zinafaa. Kwa tochi yenye LED tatu au nne tungechukua ya pili bila kusita. Zote mbili zina bandia zake sokoni, kwa hiyo tunarudi kwa sonara.

Betri za kompyuta mpakato zilizotupwa pia tunazitumia, tena ni za bei nafuu. Tunazipima kwanza kwa mita. Iliyokutwa chini ya volti 2 hatuichaji kamwe, hata ikionekana mpya.

Kwa nini tuliacha betri mbili

Mwanzoni tulitengeneza pia tochi ya betri mbili zilizofuatana. Hatutengenezi tena. Betri moja ikiwa dhaifu kuliko mwenzake, huisha mapema, na ile yenye nguvu huendelea kuisukuma mpaka nguzo zake zinageuka. Hapo hujaa joto na gesi. Bomba la alumini lililofungwa kwa mipira ya kuzuia maji halina pa kutolea gesi hiyo, na mtu amelishika mkononi. Aliye na tochi ya betri mbili anunue zote siku moja, za aina moja, azichaji pamoja na asiwahi kuzitenganisha.

Tunapendelea pia betri zenye saketi ya ulinzi, ambayo hukata umeme zikiisha mno au zikipigwa shoti. Huwa ndefu zaidi kwa milimita 2 hadi 5, kwa hiyo pimeni nafasi ndani ya bomba kabla ya kununua.

Wako wanaotuuliza juu ya betri za nikeli za ukubwa wa AA. Ni salama zaidi na tatu kwa pamoja hutoa volti 3.6. Zile zinazotunza chaji, zilizoanza kuuzwa mwaka 2005, hukaa miezi mingi bila kuisha. Kwa tochi ya nyumbani tungezichagua. Kwa ampea 3 shambani huchoka mapema. Lithiamu ya fosfati ya chuma nayo ni tulivu na hudumu, ila volti zake 3.2 hazitoshi kuiwasha LED hii kikamilifu, na inataka chaja yake ya volti 3.65. Kuiweka kwenye chaja ya 4.2 ni kuiharibu.

Kujaribu kabla ya msimu

Chajini betri ijae, kwa chaja inayokoma yenyewe kwenye volti 4.2. Msiunge betri moja kwa moja kwenye paneli ya jua wala betri ya gari. Kibao kidogo cha TP4056 hutoa ampea 1, na betri ya 3000 mAh hujaa kwa saa 3 hadi 4. Kisha fungueni mfuniko wa nyuma wa tochi, ungeni betri kwa waya mbili nene, washeni kwa nguvu zote na mpime volti kwenye ncha za betri. Ikishuka papo hapo chini ya 3.7, haifai kwa tochi hii. Ikibaki karibu na 4, iacheni iwake huku mkitazama saa mpaka mwanga upungue. Andikeni dakika hizo kwenye betri kwa kalamu ya wino mzito. Sisi tunakataa yoyote isiyofika dakika 45.

Zilizokataliwa tunazifunga ncha kwa utepe na kuziweka kwenye kopo la mchanga, mbali na nyumba. Hatuzitupi motoni wala chooni.

Mlinzi yule tulimpa betri mbili za gramu 47, moja ya tochi na moja ya akiba. Ya akiba huiweka kwenye kikopo cha plastiki, isiguse funguo wala sarafu mfukoni. Honi bado anaitaka iwe karibu, nasi hatumbishii.