Onyo Nililolipuuza Koboko

Tunaosoma bayokemia kutoka huku tunajua kwamba jina la kwetu limo vitabuni kwa sababu ya homa: virusi vya West Nile vilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mgonjwa huko Omogo. Mwaka 2006 lilichapishwa umbo la protiezi ya virusi hivyo, lililopatikana kwa fuwele. Habari hiyo ndiyo iliyonitia hamu ya kazi hii. Nilianza na data za lisozaimu ya ute wa yai, kama waanzavyo wengi.

Fuwele ya protini ikipigwa eksirei hutoa maelfu ya madoa. Unajenga modeli ya atomu, programu inakokotoa madoa ambayo modeli hiyo ingetoa, kisha inayalinganisha na yaliyopimwa. Kiasi cha tofauti ndicho R. Ukiirekebisha modeli kwa madoa yote, R hushuka hata unapokosea, maana modeli hujifunza mpaka makosa ya vipimo. Kwa hiyo Axel Brünger alipendekeza mwaka 1992 kwamba sehemu ndogo ya madoa itengwe, isitumike kabisa katika kurekebisha. Siku hizi mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10. R ya madoa hayo ndiyo R huru. Ni kama mtihani: aliyeona maswali usiku, alama zake za asubuhi hazikuambii anajua nini.

Arua nilifanya kazi wiki mbili, nikafika R ya kazi 0.19 na R huru 0.24. Nikaenda nyumbani Koboko kwa Idi. Kwenye flashi nilinakili modeli na data za mwanzo, nikasahau faili lenye alama za madoa yaliyotengwa. Phenix haikuona alama, nikairuhusu ichague madoa mapya kwa bahati nasibu. Ikagoma: alama hizi hazilingani na zile zilizotumika kutengeneza modeli hii. Betri ilikuwa inaisha na umeme hakuna. Nikatafuta mahali pa kuinyamazisha, nikapata.

R huru ikawa 0.195! Nikamwandikia kaka mmoja wa maabara, alhamdulillah nyingi. Akauliza, "Na R ya kazi?" Nikasema 0.19. Akajibu, "Ndugu yangu, umempa mwanafunzi maswali."

Nilikuwa nimetenga asilimia 5. Basi katika madoa mapya "yaliyotengwa", kama 95 kati ya kila 100 modeli ilikwisha kuyatumia Arua. Namba ile ilikuwa ya uongo, nami nilikwisha kuiandika katika ripoti ya kukabidhi Jumatatu. Niliifuta, ingawa kwa kweli nilisitasita; nani angejua?

Dawa bora ni kurudisha alama za zamani. Zikipotea kabisa, tenga mpya, kisha iivuruge modeli: ichemshe kihesabu na kuipoza taratibu ili isahau, ndipo uirekebishe upya. Mimi nilipanda teksi kurudi Arua, faili lilikuwepo. R huru ikarudi 0.24, nikaiandika hiyo. Programu bado inalalamika kuhusu pete za barafu karibu na angstromu 3.67, na leo usiku ndizo ninazozishughulikia.