Ngoma iliyoitwa jina la kidonge

Kwenye semina ya utamaduni nilisema nitaandika kuhusu dangdut koplo, darasa zima likacheka. Sawa, jina linachekesha. Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe.

Dangdut ilishika kasi Indonesia miaka ya 1970. Rhoma Irama na bendi yake ya Soneta walichanganya nyimbo za Kimalay, muziki wa filamu za Kihindi na gitaa la roki. Jina linaiga mlio wa ngoma: dang, halafu dut. Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatushangai. Nasi tumeazima sana kwa Wahindi. Ulikuwa muziki wa watu wa chini, na wenye pesa waliuita kampungan, yaani wa kishamba.

Koplo ni mtoto wake wa Java Mashariki, wa miaka ya 1990. Mpiga ngoma aliongeza mwendo, akachota mapigo ya jaipongan ya Wasunda. Jina nalo lilitoka kwenye vidonge vya kulevya vya mtaani. Ulipigwa harusini na kwenye sherehe za kutahiri, watazamaji wakipanda jukwaani kumtunza mwimbaji noti mkononi. Wao huita sawer. Sisi tunasema kutunza, mambo ni yale yale.

Suharto alipoanguka 1998, udhibiti ulilegea, na VCD za magendo zikausambaza muziki huu bila ruhusa ya kampuni yoyote Jakarta. Ndipo akatokea Inul Daratista wa Pasuruan, na mtindo wake wa kuzungusha kiuno kama keekee inayotoboa mbao. Mwaka 2003 Rhoma Irama alimshutumu hadharani na kumkataza kuimba nyimbo zake. Aliyekuwa rais, Abdurrahman Wahid, mwanazuoni wa Kiislamu, akamtetea.

Mimi hapa nauliza: mbona waliokuwa wanarusha noti hawakuitwa na mtu? Kesi yote ilikuwa juu ya kiuno cha mwanamke mmoja wa kijijini aliyekuwa akitafuta riziki. Mabishano yale yakaingia kwenye mjadala wa sheria dhidi ya ponografia, iliyopitishwa 2008.

Miaka kumi baadaye, 2018, Via Vallen, mwimbaji wa koplo kutoka huko huko Java Mashariki, aliimba wimbo rasmi wa Michezo ya Asia. Waliokuwa wakisema kampungan walikuwa wamekaa uwanjani, wanapiga makofi.