Kamera Zikipotea Kwenye Simu, Usikimbilie Kununua DVR Mpya

Wadogo zangu, leo tukae na jambo moja tu, maana ujumbe unaonifikia kuhusu hilo umekuwa mwingi, na mwingine unaonekana kabisa umeandikwa na mtu aliyekosa usingizi. Mdogo wangu mmoja yuko Muscat kikazi. Amemjengea mama yake nyumba Kibaha, akafunga kamera nne ili akilala awe na uhakika kwamba geti limefungwa na mama yuko salama. Asubuhi moja anafungua simu, zote nne zimeandikwa “Offline”. Akampigia fundi aliyezifunga. Fundi, hata getini hajafika, akamwambia DVR, yaani mashine inayorekodi picha za kamera, imekufa, aandae hela ya nyingine.

Mdogo wangu, usitume hela kwanza. Simwiti fundi mwongo. Huenda mashine imekufa kweli. Lakini neno hilo kwenye simu halisemi hivyo. Linasema simu yako imeuliza kwenye seva za kampuni iliyotengeneza DVR, na seva hizo kwa sasa hazipati habari zozote kutoka kwenye mashine yako. Kati ya sebule ya Kibaha na simu yako ya Muscat kuna waya, ruta, bando, mtandao wa kampuni ya simu, seva na akaunti. Chochote kati ya hivyo kikikatika, wewe unaona neno lilelile moja.

Kuna jambo nataka ulishike kabla ya yote, likutulize moyo. DVR haihitaji intaneti ili irekodi. Kamera zinaleta picha kwa waya zake, mashine inaziandika kwenye diski iliyo ndani yake. Intaneti ni ya kukuonyesha wewe uliye mbali. Mtandao ukikata siku tatu, siku hizo tatu zipo kwenye diski, ilimradi umeme upo na diski ni nzima. Ila hazikai milele. Kamera nne zikirekodi muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja, zinakula gigabaiti 86 hivi kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inabeba kama siku 11, kisha inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Kama kuna tukio limetokea wakati huoni kitu, mtu aliye nyumbani atoe nakala kwenye flashi mapema.

Sasa tafuta mtu wa kukusaidia huko nyumbani. Kama mama hana uzoefu na hivi vitu, usimsumbue na maneno ya kifundi hadi aone amekosea. Mwombe kijana wa jirani anayeaminika, apige simu ya video kwa bando lake mwenyewe, na wewe umrudishie. Mwambie aelekeze kamera ya simu mahali unapotaka kuona. Macho yako yakiona vitaa, mengi yatafupishwa.

Aanze kwa kuwasha runinga iliyounganishwa na DVR. Picha zikionekana pale, kamera ni nzima, mashine haijafa, na kilichokatika ni njia ya kufika kwenye simu yako tu. Hapo habari ya DVR kufa imekwisha. Kama mashine inapiga mlio wa “pii, pii” bila kukoma, usiogope: nyingi zimepangwa kulia mtandao ukikata, anwani za mtandao zikigongana au diski ikipata hitilafu. Mlio peke yake haukwambii ni lipi kati ya hayo, lakini runinga ikiwa wazi ujumbe wenyewe mara nyingi utauona kwenye skrini.

Kisha ageuze mashine aangalie nyuma. Kuna tundu la mraba ambamo waya wa mtandao unaingia na kubana. Kwenye mashine nyingi, pembeni mwa tundu hilo kuna vitaa viwili vidogo, kawaida kimoja kijani na kingine cha njano au chungwa. Waya ukishika vizuri hadi kwenye ruta inayowaka, walau kimoja kinawaka au kupepesa. Vyote vikiwa giza, tatizo liko hapo hapo mkononi mwake. Achomoe waya, atazame kichwa chake. Kuna kakilimi ka plastiki kanakoshika waya usitoke. Kakivunjika, waya unaonekana umeingia, kumbe haujashika. Mtu akisogeza kabati au akipitisha ufagio, umeshateleza. Aufuate waya mpaka kwenye ruta. Sehemu zinazoumiza ni palipopitishwa dirishani na dirisha linafungwa juu yake, palipo na panya darini, na maungio ya nje yanayolowa mvua. Achukue waya mwingine unaojulikana ni mzima, hata mfupi, aunganishe moja kwa moja, na ajaribu tundu jingine la ruta.

Waya mzima, tundu zima la ruta, na bado vitaa havijawaka? Hapo ndipo nitakubaliana na fundi kwamba tundu la mtandao la mashine huenda limeungua. Radi inafanya hivyo, hasa kama waya umepita nje ya nyumba. Lakini hata hapo, picha zikionekana kwenye runinga na diski ikiwa nzima, mashine bado inarekodi, na una muda wa kuuliza bei kwa utulivu.

Vitaa vikiwaka, nenda kwenye intaneti yenyewe. Kijana aunge simu kwenye Wi-Fi ya nyumba, halafu azime data za simu yake kabla ya kufungua chochote. Nalisisitiza hili la kuzima data, kwa sababu simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinarudi kimyakimya kwenye bando la laini, na mtu anakuapia kwamba Wi-Fi inafanya kazi. Kisipofunguka kitu, intaneti yenyewe ndiyo imekata: wanaotumia ruta ya laini waangalie salio. Kutazama kamera moja kwa megabiti 2 kunakula megabaiti 900 hivi kwa saa, na inakatwa pande zote mbili, kwenye ruta ya mama na kwenye simu yako. Kwenye programu kuna picha safi na kuna picha ya kawaida. Ya kawaida, ikiwa imepangwa kwenye nusu megabiti, inakula kama megabaiti 225 kwa saa, na kuona geti inatosha kabisa. Iache humo, uingie kwenye picha safi pale unapotaka kutambua sura ya mtu.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta na DVR vinawaka pamoja, lakini ruta inachelewa kupata mtandao. Mashine nyingine za zamani zinaomba anwani ya mtandao kwa ruta mara hiyohiyo, zisipojibiwa zinabaki zimekaa. Dawa yake ni kuzima vyote viwili, kuwasha ruta peke yake, kungoja dakika tano taa zake zitulie, ndipo awashe DVR. Mwenye uwezo anunue UPS ndogo, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, aunganishe vyote viwili. Kukatikiwa ghafla kila mara kunaiumiza hata diski.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa kuwasikiliza ninyi, ndipo wengi mnakwama: mlibadilisha ruta. Mmehama kampuni, au ruta ya zamani iliungua mkaletewa nyingine, na tangu siku hiyo simu zote za nyumbani zina mtandao isipokuwa kamera. Kilichotokea ni hiki. Fundi alipofunga mashine aliipa anwani ya IP ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, kwa sababu ruta ya wakati ule ilikuwa 192.168.1.1. Ruta mpya yenyewe ni 192.168.100.1. DVR yako ni kama mpangaji aliyehamishiwa mtaa mwingine huku akiendelea kuwapa watu namba ya nyumba ya mtaa wa zamani. Waya mzima, taa zinawaka, na hakuna anayempata.

Kulikagua hili hakuhitaji ufundi mkubwa. Kwenye runinga, kwa kipanya cha DVR, ingia kwenye menyu, fungua “Network”, usome mistari miwili: anwani ya mashine na anwani ya lango, inayoandikwa “Gateway”. Linganisha na namba iliyobandikwa chini ya ruta. Kwenye mitandao ya nyumbani, mafungu matatu ya kwanza ya namba yanatakiwa kufanana, na lango liwe ndiyo ruta yenyewe. Yasipofanana umeshampata mwizi wako. Weka alama kwenye “DHCP”, hifadhi, subiri kidogo, kisha soma tena. Mashine itakuwa imepewa anwani mpya na ruta. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake mashine iliomba anwani na haikujibiwa, basi rudi kwenye waya na ruta. Anwani ikiwa sahihi, na lango likiwa sahihi, lakini simu bado haioni kitu, tazama mstari wa DNS. Ukiwa mtupu au una namba ya ruta ya zamani, andika 8.8.8.8.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili ambayo inachanganya sana. Mchana kamera zipo, jioni zinapotea, usiku wa manane zinarudi. Angalia nani anarudi nyumbani jioni. Kama anwani ya kudumu ya DVR imo ndani ya namba ambazo ruta inawagawia wageni wake, siku moja simu ya mtoto itapewa namba hiyohiyo, na vyombo viwili vikidai anwani moja vinavurugana. DHCP inatibu na hilo pia.

Mwisho wa safari ni huduma ya kampuni. Wenye Hikvision watafute kwenye menyu ya mtandao sehemu ya “Platform Access” au “Hik-Connect”. Wenye Dahua, wanaotumia programu ya DMSS, watafute “P2P”. Hapo panatakiwa pawe na alama ya kuwashwa na hali isomeke “Online”. Na ukiwa bado kwenye menyu za mashine, tazama tarehe na saa, uweke ukanda wa GMT+3. Saa ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ndani imekwisha, na ni kitu cha bei ndogo. Usilipuuze: mkanda wa wizi wenye tarehe ya uongo utakupa taabu kwenye kituo cha polisi.

Mambo mawili nakuomba uyakatae. La kwanza ni kurudisha mashine kwenye mipangilio ya kiwandani ukiwa na haraka, au kukubali diski “isafishwe”. Mipangilio ya kiwandani inakupotezea kila kilichopangwa, na kusafisha diski kunafuta rekodi zako zote. Mtandao uliopotea hautibiwi kwa kusafisha diski. Hauna uhusiano nayo.

La pili ni fundi anayesema atafungua milango ya ruta ili DVR ifikiwe moja kwa moja kutoka popote duniani. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliingia kwenye DVR na kamera nyingi za majumbani duniani zilizofikika moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Oktoba 21 mwaka huo mashine hizo zilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Zilikuwa kamera za watu kama wewe na mimi, waliofunga ili walinde nyumba zao. Tumia huduma ya kampuni kupitia msimbo wa QR, weka nywila ndefu ambayo hutumii kwingine, na milango ya ruta ibaki imefungwa.

Nimeacha la akaunti mpaka hapa kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Mafundi wengi, kwa kurahisisha kazi, wanasajili mashine kwenye akaunti yao wenyewe, kisha wanakugawia wewe kuangalia. Siku mkikosana akakuondoa, kamera zako zinapotea na ruta haina kosa lolote. Ukijaribu kuisajili upya, programu inakwambia mashine tayari ni ya akaunti nyingine. Na fikiria jambo lenyewe, mdogo wangu: mtu huyo anaweza kutazama ua wa mama yako saa yoyote anayotaka.

Kwa hiyo kabla hujamalizia malipo, mwambie fundi aifute mashine kwenye akaunti yake mbele yako, isajiliwe kwa namba au barua pepe yako, ubadilishe nywila yeye akiwa amegeuka pembeni, na akuandikie kwenye karatasi namba ya mashine na anwani ya IP aliyoiweka. Karatasi hiyo mama aihifadhi pamoja na hati za nyumba. Fundi mwaminifu atafanya yote hayo bila kununa. Anayekataa, usimmalizie hela yake mpaka akukabidhi.