Maua ya Kukata Riruta Satellite: Anza Hesabu na Julai

Pakiti ya mbegu za zinia itakuambia upande baridi ikiisha, kiangazi kikianza. Hayo yaliandikiwa mkulima wa Ulaya. Riruta Satellite, hapa Nairobi, iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu huja Juni hadi Agosti: mawingu kutwa, na usiku wa Julai unaoshuka hadi nyuzi 11 au 12. Zinia, selosia, kosmo, marigodi na alizeti hazifi kwa baridi hiyo. Hudumaa tu, na majani ya zinia hufunikwa na ukungu mweupe.

Kwa hivyo panda Septemba, mvua za vuli zikute miche imeshika. Anayelenga Valentine, Februari 14, apande zinia katikati ya Novemba, na alizeti ya shina moja mapema Desemba, kwani hiyo huwahi. Mvua za masika huozesha petali. Mimi singepanda ili nivune Aprili.

Kuna jambo ambalo pakiti hailitaji kabisa. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, ilhali kaskazini mwa Ulaya kiangazi hufikia saa 16 na zaidi. Mengi ya maua haya huharakisha kuchanua usiku ukiwa mrefu, kwa hivyo kwetu kosmo inaweza kutoa ua ikiwa kimo cha goti, na bua fupi halina mnunuzi. Mashamba ya biashara huwasha taa usiku kwa baadhi ya maua ili kuidanganya mimea. Wewe mwenye kitoken cha stima cha kuhesabu, nunua mbegu za aina ndefu za kukatwa, si zile fupi za vyungu. Banisha miche, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, ishindanie mwanga na kurefuka. Samadi iliyooza itie kabla ya kupanda: ua likishaanza kufunga, umechelewa.

Jua lenyewe limeanza kuwa adimu mtaani. Tazama kivuli cha ghorofa ya jirani saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi; pasipopata jua kwa jumla ya muda wa saa sita kwa siku, panda sukuma. Magunia ya udongo ya kupandia, kama yale ya Kibera, yanafaa zinia na marigodi. Alizeti ipe ardhi. Maji ya kusuuza nguo yanatosha kunyweshea, mradi hayana Jik, na uyamwage shinani, si majani.

Zinia ikifika sentimita 25, ikate kichwa juu ya jozi ya tatu ya majani, itoe matawi. Alizeti ya shina moja usiiguse. Kichwa chake ndicho biashara yote.

Vuna asubuhi na mapema. Shika bua la zinia sentimita 20 chini ya ua, ulitikise: likilegea, liache siku mbili tatu; likisimama wima, kata. Alizeti hukatwa petali za kwanza zikianza kuinuka, lakini marigodi isubiri ifunguke yote. Ng'oa majani ya chini, tumbukiza kwenye ndoo iliyosuguliwa kwa sabuni. Zinia haipendi friji, na hapo asiye na friji hapungukiwi.

Wauza maua wa City Market, barabara ya Muindi Mbingu, wapelekee fungu la kuonyesha kabla hujapanda shamba zima. Marigodi ina soko lake la pembeni. Ni ndugu wa mubangi, lile gugu linalonuka, ila Wahindu huiunga kuwa mashada ya Diwali, sikukuu inayoangukia Oktoba au Novemba. Rudi nyuma siku 70 hadi 80 kutoka tarehe ya mwaka huo, uoteshe kwenye trei ndani ya nyumba, maana Agosti bado ni baridi. Shada huungwa kwa vichwa tu, kwa hivyo bua likiwa fupi hakuna atakayeuliza.