Daraja za Karata za Poka na Malipo Yake

Ametujia kijana mmoja, msomi na mwenye kupenda hisabu, akatuuliza juu ya mchezo wa karata uitwao poka, auchezao katika simu yake peke yake, bila ya mshindani mbele yake. Akasema: "Maalim, mchezo huu si kama kamari za vichochoroni. Hakuna wa kunificha karata. Daraja za ushindi zimepangwa kwa hisabu ya haki. Na malipo yameandikwa wazi juu ya kioo. Basi dhulma iko wapi?"

Suala hili halijibiwi kwa ukali. Hukumu ya kamari kijana aijua, kwani imo katika Suratul-Maida, aya ya 90, naye amehitimu chuoni. Alichouliza ni hisabu, nasi twampa hisabu.

Karata ni 52, na aina zake ni nne: kopa, uru, pau na shupaza, kila aina ina karata 13, na mchezaji hupewa tano. Njia za kutoa karata tano katika hizo 52 ni 2,598,960, wala hazizidi wala hazipungui. Katika njia hizo, jozi moja hupatikana kwa njia 1,098,240. Jozi mbili kwa njia 123,552. Karata tatu zilizo sawa kwa njia 54,912. Karata tano zenye kufuatana kwa njia 10,200. Tano za aina moja, kama kopa tupu, kwa njia 5,108. Tatu sawa pamoja na jozi kwa njia 3,744. Nne sawa kwa njia 624. Na mfuatano wa aina moja kwa njia 36. Juu ya zote ni mfuatano wa kifalme, yaani kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree, zote za aina moja. Huo una njia 4 tu. Kila kilicho adimu kimepewa daraja ya juu. Hatta hapa kijana amesema kweli, wala hatuna la kumpinga.

Lakini mchezo wa simu hauishii katika karata tano za kwanza. Mchezaji huzitazama, akabakisha azitakazo, na zilizosalia akabadilishiwa mara moja. Kubadilisha huku kwaipindua hisabu yote, na watu wengi hawalitambui hilo. Katika orodha ya malipo iliyo mashuhuri, jozi ya ghulamu na zaidi hulipwa 1, jozi mbili 2, tatu sawa 3, mfuatano 4, aina moja 6, tatu na jozi 9, nne sawa 25, mfuatano wa aina moja 50. Sasa tazama: mchezaji asiyekosea hata mara moja hupata mfuatano, na aina moja, na tatu na jozi, kila mmoja kwa kiasi cha mara moja na kidogo katika michezo mia. Zaidi ya hayo, tatu na jozi, iliyo juu ya wenzake wawili, ndiyo ipatikanayo mara nyingi zaidi kidogo kuliko wao! Daraja zimebaki kama zilivyokuwa katika karata tano za kwanza, na uadimu umekwenda zake.

Tena litazame neno "hulipwa 1". Mwenye kuweka shilingi akapata jozi ya wafalme hurudishiwa shilingi ile ile aliyoiweka. Hakuongezewa hata senti. Nayo jozi ya kumi au ya tisa haina kitu kabisa. Katika kila michezo 100 ya mchezaji hodari, 55 hivi hutoka mikono mitupu, 21 hurudishiwa chake, 13 hupata mara mbili, 7 mara tatu, na zilizobaki ni chache mno. Na zile 21, ambazo hakushinda kitu, simu humpigia kengele na kumwandikia kuwa ameshinda.

Orodha hiyo ya 9 na 6, kwa mchezaji mkamilifu, humrudishia 99.54 katika kila 100. Mwenye mchezo akitaka zaidi, hana haja ya kuchezea karata. Hubadilisha tarakimu mbili tu: mahali pa 9 akaandika 8, na mahali pa 6 akaandika 5. Marejeo yakashuka hatta 97.30, na pato lake likawa karibu mara sita ya lile la kwanza. Karata ni zile zile, na daraja ni zile zile.

Shilingi mbili na senti sabini katika mia huonekana kama kitu kidogo. Lakini mwenye vidole vyepesi hucheza mara 600 kwa saa. Akiweka shilingi 10 kila mara, amepitisha 6,000, na katika hizo zimekwenda 162, hali yeye adhani ameingia na 500 tu. Tena karibu 2 katika zile 99.54 ni fungu la mfuatano wa kifalme, ujao mara moja katika michezo 40,000 hivi, nayo kwa mwendo ule ni saa 67. Na fungu hilo kwa ukamilifu ni la mwenye kuweka sarafu tano: huyo hulipwa 4,000, ilhali mwenye kuweka moja hulipwa 250 badala ya 800. Ndipo watu wakaweka tano.

Hila hii si mpya. Mwaka 1891 Sittman na Pitt wa Brooklyn, Marekani, walitengeneza mashine ya poka yenye magurudumu matano na karata 50. Kwa desturi zilizoondolewa ni kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa. Basi njia 4 za mfuatano wa kifalme zikawa 2. Na zawadi zilikuwa ni pombe na sigara za mwenye duka.

Kijana akarudi na hoja ya pili: "Je, lau orodha ingekuwa ya haki?" Twasema, hilo nalo limepata kuwako. Huko Nevada ilikuwako namna moja ya mchezo huu ambayo karata za mbili husimama badala ya karata yoyote, na mchezaji asiyekosea hurudishiwa 100.76 kwa 100. Lakini hukumu haikusimama juu ya hasara. Suratul-Baqara, aya ya 219, haikukanusha kuwa katika kamari mna manufaa kwa watu. Ilipima manufaa hayo na dhambi yake, na dhambi ikawa ndiyo kubwa. Kwa hiyo mwenye kupata faida naye yumo.

Tukamwuliza yeye: orodha ya simu yako yasema 9 na 6, au 8 na 5? Akaitoa mfukoni, akaifungua, akakaa akiitazama kitambo. Kisha akasema: "Nane na tano." Tukamwuliza amepitisha shilingi ngapi tangu Ramadhani kwisha. Akasema hajapata kuhesabu.