Khabari za Wafrimasoni wa Hamburg

Ndugu kadhaa wametuuliza katika darsa: hawa Wafrimasoni ni watu gani, na mambo yao yalianzaje? Hukumu ya kujiunga nao ilikwisha kutolewa Makka na Baraza la Fiqhi mwaka 1978, ya kuwa Muislamu asijiunge. Hatuna la kuongeza. Lakini kukataza jambo ni kitu kimoja, na kulizulia ni kitu kingine. Kwa hivyo leo twaeleza khabari za mji mmoja tu, Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani kando ya mto Elbe.

Mila hii ilitoka Uingereza ikafuata njia ya biashara. Alama zake ni za kazi ya waashi, skwea na bikari, na kila jumuia yao ya mahali huitwa loji. Tarehe 6 Desemba 1737 watu wachache walikutana Hamburg wakaanzisha loji ya kwanza katika nchi zote za Kijerumani. Mahali penyewe palikuwa nyumba ya kuuzia mvinyo. Wasidhani ndugu zetu kuwa lilikuwa pango lenye giza!

Mwaka uliofuata wakuu wa mji wakawapiga marufuku, na Papa Clement XII naye akawakataza Wakatoliki. Haukusaidia kitu ukali huo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1738, wajumbe wa Hamburg walikwenda mji wa Brunswick, wakamwingiza chamani usiku Friedrich, mwana wa mfalme wa Prussia, kwa kumficha baba yake. Mwaka 1740 kijana yule akatawala. Basi kilichokatazwa Hamburg kikawa na mlinzi Berlin.

Wema wao tusiufiche: mwaka 1795 walifungua Hamburg hospitali ya wanawake watumishi wa majumbani. Wala aibu yao tusiifiche. Walihubiri udugu wa wanaadamu wote, na huku loji nyingi za Kijerumani ziliwafungia Mayahudi mlango hata katika karne ya 19. Mwandishi Lessing aliingia Hamburg mwaka 1771, na punde akavunjika moyo. Mwaka 1779 akatoa mchezo wake wa Nathan, ambamo Sultani Salahuddin, Myahudi na Mnasara huonekana kuwa jamaa.

Mwaka 1927 Jemadari Ludendorff alitoa kitabu cha kuwatuhumu Wafrimasoni na Mayahudi kuwa wanaila njama Ujerumani. Nasi tulipoonyeshwa karatasi zinazopitishwa mkono kwa mkono barazani petu, tuliyatambua mashtaka yale yale, ila yamevishwa kilemba. Waliozipitisha hawakujua wazinakili kwa nani.

Mwaka 1935 Manazi walizifunga loji zote na kuchukua mali zao. Baada ya vita zilifunguliwa tena, na ile ya 1737, iitwayo Absalom, ingaliko Hamburg.