Simu Iliyofungwa

Leo nakuletea somo nililolipata nyumbani, si darasani.

Desemba iliyopita mjomba alirudi kutoka Marekani akamletea mama simu. Ile ya zamani ilikuwa imekufa, na mama huuza samaki, wateja humpigia. Tulipotia laini yake, simu ilikataa katakata, ikadai nambari ya siri. Mama akadhani laini imeharibika. La hasha! Kufuli lilikuwa ndani ya simu.

Sababu ni hii: kampuni za huko huuza simu nyingi kwa malipo ya kidogo kidogo, na huzifunga zikubali laini zao pekee. Fundi mmoja alitaka kubahatisha nambari. Nilimzuia, maana simu nyingi huruhusu kujaribu mara chache tu, halafu hugoma kabisa.

Dawa ni kumwendea aliyeifunga. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani tarakimu 15 za kuitambulisha simu, umpelekee. Kwa vile mjomba alikuwa amemaliza deni, waliifungua. Mama akarudi kazini.

Faida ni nini? Ukivuka mpaka kuingia Uganda, unaweza kutia laini ya huko na kulipa bei ya wenyeji. Ila andika nambari za nyumbani zikianza na +254, la sivyo hutampata mtu. Tena usiitupe laini yako ya Kenya. M-Pesa yako imesajiliwa kwa nambari hiyo.

Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga. Kabla hujapokea simu ya ng'ambo, uliza, "Imefunguliwa?"